Unga wa manjano na tangawizi kwa maumivu ya viungo: ni chakula au ni dawa? Tujadili

Wakuu, salaam.

Mwaka jana baba yangu mdogo aliamka saa nane usiku akilia kama mtoto. Kidole gumba cha mguu kimevimba, kimekuwa chekundu kama nyanya, shuka likikigusa tu anapiga ukelele. Asubuhi jirani akasema baridi yabisi. Muuza viungo wa sokoni naye akasema hivyohivyo, akamuuzia kopo la unga wa manjano, tangawizi na pilipili manga kwa shilingi elfu 25, pamoja na masharti: aache nyama nyekundu, ale dagaa kwa wingi, maana "mafuta ya samaki yanalainisha viungo". Akala dagaa wiki mbili. Mguu wa pili nao ukaanza.

Hospitali wakasema jongo, yaani asidi ya yuriki imezidi mwilini na kuganda kwenye viungo. Na dagaa ni miongoni mwa vyakula vinavyopandisha asidi ya yuriki, sawa na maini, figo na bia.

Sasa utamu wa mjadala ni kwamba yule muuzaji hakuwa mwongo kabisa. Mafuta ya samaki yamepimwa kwa wagonjwa wa baridi yabisi yenyewe, ile ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo, na yanapunguza maumivu na ule ugumu wa viungo wa asubuhi. Tangawizi nayo imepimwa kwa magoti yaliyosagika na kwa maumivu ya hedhi. Nafuu yake ni ndogo, lakini ipo. Shida yetu ni neno "baridi yabisi" tulilolifanya shuka la kufunika kila mtu: goti la bibi lililosagika, vidole vya dada vilivyopinda, na jongo la baba mdogo. Kinachomfaa mmoja kinamlaza mwingine.

Manjano tuifanyie hesabu. Kurkumini, kitu kinachosifiwa ndani yake, ni kama asilimia 3 tu ya unga. Majaribio mengi ya magoti hutumia karibu gramu 1 ya kurkumini kwa siku. Hiyo ni zaidi ya gramu 30 za unga, vijiko kumi vya chai, kila siku! Tena haifyonzwi vizuri tumboni, ndiyo maana wanachanganya pilipili manga iisaidie kupenya. Kijiko kimoja kwenye maziwa ya moto ni kinywaji kizuri, mimi mwenyewe nakunywa. Ila usiniuzie kwa elfu 25.

Hoja yangu ni hii. Ukiuza manjano kama kiungo cha mchuzi (wa pilau msinipigie kelele), uza kwa raha zako. Siku unapoandika kwenye kopo "inatibu mgongo, goti na nyonga", umeshauza dawa, na ipimwe kama dawa. Hapa Tanzania, tangu 2019 chakula kiko TBS (shirika la viwango), dawa ziko TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), na tiba asili ina sheria yake ya 2002 na baraza lake. Kopo la baba mdogo halikuwa na alama ya yeyote kati yao.

Wanaosema huo ni urasimu wakumbuke 2022, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilipotoa onyo kuhusu Artri King, vidonge vilivyouzwa kama lishe ya viungo. Vilikutwa na diklofenaki, dawa ya maumivu, na deksamethasoni, ambayo ni steroidi, na kwenye lebo hazimo. Mtu anapata nafuu haraka, anawasimulia wenzake maajabu ya mitishamba, kumbe anameza steroidi. Akija kuiacha ghafla baada ya muda mrefu, anaweza hata kupoteza maisha.

Nawasilisha. Wanaopinga karibuni.

NYONGEZA, jioni:

Kuna mdau anasema nawapigia debe wauza vidonge, kwamba diklofenaki ilimpa mama yake vidonda vya tumbo. Pole sana mkuu, na hapo huna kosa. Dawa za kundi hilo zinachubua tumbo, zinapandisha presha na kuumiza figo, na mtu anauziwa bila hata kuulizwa ana ugonjwa gani. Mimi sijasema chakula kiachwe. Nataka unga nao uulizwe maswali yaleyale.

Dada mmoja ameuliza bibi wa kijijini atapima wapi asidi ya yuriki. Hapo umenibana. Ila kidole gumba kilichovimba ghafla usiku, tabibu wa zahanati huweza kushuku jongo kwa kuangalia na kuuliza tu. Na goti lililosagika la mtu mnene lina ushauri usiohitaji maabara: kila kilo moja anayopunguza inalitua goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Hilo silioni likitangazwa, labda kwa sababu sahani iliyopunguzwa haina wa kuiuza.

Aliyeuliza hali ya mgonjwa: anatembea. Anameza alopurinoli, dawa ya kushusha asidi ya yuriki, dagaa kaacha, bia kaipunguza kwa manung'uniko. Lile kopo liko jikoni, mama mdogo analitilia kwenye mchuzi.