Hifadhi ya Arches mwezi wa Agosti: je, goti langu litaiweza?

Mama wa Lang'ata:
Hamjambo ndugu zangu. Binti yangu anayesoma Marekani ameniomba twende Agosti tukaone Hifadhi ya Taifa ya Arches, karibu na mji wa Moab jimboni Utah, ambako kuna matao ya asili ya mawe zaidi ya 2,000. Nina miaka 62, na goti la kulia hunisumbua kwenye miteremko, ingawa katika hifadhi ya Hell's Gate huku Kenya nimetembea hadi Mnara wa Fischer bila shida. Tukiwa na siku moja tu, twende wapi?

Msafiri, Kasarani:
Shikamoo mama. Utaiweza, mradi msishindane na jua. Mimi nilikwenda Julai, na kosa letu lilikuwa kuanza kupanda kuelekea tao la Delicate Arch saa nne asubuhi, kwa sababu njia hiyo ya karibu kilomita 5 kwenda na kurudi hupita juu ya mwamba mtupu usio na kivuli wala maji, na joto la kiangazi huweza kupita nyuzi 38. Mwinuko hautakusumbua, maana sisi wa Nairobi tunaishi juu zaidi. Kinachochosha ni ukavu, kwani jasho hukauka kabla hujalihisi. Kwa goti lako ningechagua Landscape Arch, tao lenye upana wa zaidi ya mita 85, ambalo njia yake ya changarawe haina mpando mkali. Fikeni alfajiri, na kila mmoja awe na lita 4 za maji.

Mwalimu wa jiografia, Embakasi:
Mama, mawe ya Hell's Gate yalizaliwa na volkano, lakini hayo ya Arches ni ya mchanga ulioganda juu ya chumvi iliyoachwa na bahari ya kale. Chumvi ilipoelemewa ilisogea, mwamba ukapasuka kuwa kuta nyembamba, na maji na barafu vinaendelea kuzitoboa hadi leo. Mwaka 1991 bamba la takriban mita 18 lilianguka kutoka Landscape Arch, ndiyo maana njia ya chini yake ilifungwa; mwaka 2008 tao jingine, Wall Arch, lilianguka. Nawasihi pia msitoke njiani: ule udongo mweusi wenye vinundu, mfano wa ukoko wa wali, ni viumbe hai vinavyoshika mchanga usipeperuke, na ukikanyagwa huchukua miaka mingi kupona.

Mama wa Lang'ata:
Marahaba, wanangu, na asanteni. Nimemwandikia binti kwamba tutakwenda Landscape Arch alfajiri, na Delicate Arch tutaitazama kwa mbali.