Tupeane uzoefu: kubadili shokapu na springi za mbele za pikapu bila kuumia

Mleta uzi
Wakuu, habari za kazi. Pikapu yangu shokapu za mbele zimekaa ndani ya koili springi, kitu kimoja. Upande wa kulia umelala kuliko kushoto, shokapu imelowa mafuta, na nikipita tuta pua inanesa mara kadhaa ndipo itulie. Kubadili ni lazima, hapo sina ubishi. Kinachonitia wasiwasi ni springi. Video nyingi zinaonyesha kazi hii kama kubadili balbu, halafu sehemu ya kubana springi wanaipitisha haraka. Waliofanya kwa mikono yao naomba waseme hatari iko wapi hasa.

Fundi Mstaafu
Hatari iko kwenye nati moja. Angalia juu ya kikombe cha shokapu (kifuniko cha juu kinachofungwa kwenye chesisi): kuna nati tatu zimezunguka, gari nyingine nne, na moja katikati. Za pembeni zinashika shokapu kwenye chesisi. Ya katikati inashika springi isifumuke. Springi hiyo imebanwa tangu kiwandani, kwa hiyo hata gari likiwa juu na gurudumu linaning'inia, bado ina nguvu ndani yake. Kutoa mguu mzima (shokapu na springi yake) kwenye gari unafungua za pembeni tu na bolti ya chini. Ya katikati haiguswi mpaka springi imebanwa na kibanio (kifaa cha skrubu na ndoano cha kubana springi), na imeanza kucheza kwenye bakuli inamokalia.

Gereji niliyofanya kazi zamani, kijana mmoja aliweka shokapu mezani akaipiga nati ya katikati kwa mashine ya upepo. Kikombe kilikwenda darini. Alipona kwa sababu alikuwa ameinama pembeni kuchukua soketi, si kwa sababu ya ujuzi.

Mama Pikapu
Mimi nilinunua seti iliyokuja imeshafungwa: shokapu, springi, kikombe na raba zake. Ni ghali zaidi, lakini kibanio sikukishika kabisa. Nilitoa ya zamani nzima, nikaweka mpya nzima. Kwa anayefanyia nyumbani naona ndiyo njia ya kwanza kufikiria.

Nati Huru
Nakubaliana na Mama Pikapu ila kwa sharti. Hakikisha seti inalingana na gari lako: injini gani, kuendesha magurudumu mawili au manne, na upande gani. Magari mengine springi ya kulia na ya kushoto hazifanani, na ukizibadilishana gari litalala upande. Angalia namba ya kipuri, usiamini macho.

Dereva wa Usiku
Mimi springi zangu zilikuwa bado nzima, shokapu ndiyo zilikufa, kwa hiyo kibanio hakikukwepeka. Nilivyofanya: ndoano mbili, moja ikiangaliana na nyingine, kila moja imeshika mizunguko mingi kadiri inavyowezekana. Uzi wa skrubu nikaupaka grisi. Kisha nakaza huku kidogo, kule kidogo, kwa mkono. Ukikaza upande mmoja sana springi inapinda kama upinde na ndoano inaanza kuteleza. Wakati wote mwili wangu ulikuwa pembeni, kamwe si mbele ya ncha za springi.

Kabla ya kufungua, piga alama ya rangi kuanzia kwenye kikombe, ishuke kwenye springi hadi kwenye shokapu. Kikombe kikizunguka kidogo tu, zile bolti za juu hazitaingia kwenye matundu ya chesisi, na itabidi ubane tena upya.

Kijana wa Spana
Naweza kufunga springi kwa waya au mnyororo badala ya kibanio?

Fundi Mstaafu
Hapana. Mnyororo unaweza kuongezwa kama kinga ya pili, hauwezi kuwa kibanio. Na kama kibanio chako kina ndoano zilizolika au skrubu imepinda, kirudishe ulikokitoa. Moto wa gesi pia usiusogeze hapo: springi inapoteza ugumu, na shokapu yenye gesi ikipata joto inaweza kupasuka.

Mzee wa Jeki
Watu wameongelea springi, nami naongelea gari lenyewe. Sakafu ngumu na tambarare, kabari nyuma ya magurudumu ya nyuma, stendi mbili chini ya chesisi. Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Gurudumu ulilotoa lilaze chini ya chesisi.

Inua pande zote mbili za mbele, hata kama unaanza na mguu mmoja. Upande mmoja ukiwa chini, stabilaiza (fito inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto) inasukuma mkono wa upande wa pili, yaani chuma kinachobeba gurudumu, na utapambana na bolti bila kujua kwa nini hazitoki. Legeza linki zake pande zote mbili. Waya wa ABS na paipu ya breki uvitoe kwenye vishikio vyake mapema, kwani mkono ukishuka ghafla ndivyo vya kwanza kukatika. Kwa magari ya magurudumu manne, usiache hab (kitovu cha gurudumu) ivutike nje sana, jointi ya ndani ya shafti inaweza kuchomoka.

Boljointi (kiungo cha duara kwenye ncha ya mkono) ikikataa kutoka, nati yake iache ishike nyuzi chache, halafu gonga pembeni ya chuma kilichoibeba. Ikiachia, nati inaizuia isiruke.

Mama Pikapu
Hiyo ya stabilaiza ingeniokolea mchana mzima.

Nati Huru
Wenye pikapu za zamani wasichanganye. Kuna zile springi imekaa peke yake kati ya chesisi na mkono wa chini, shokapu iko kando. Huko jeki lazima ibebe mkono wa chini kabla ya kufungua shokapu au boljointi, maana ndivyo vinavyozuia mkono usidondoke na springi ikaruka. Hapo mnyororo una kazi: upitishe ndani ya springi na kwenye chesisi, kisha shusha jeki taratibu mpaka springi ilegee yenyewe.

Dereva wa Usiku
Kwenye kufunga: ncha ya springi ikae kwenye kituo chake cha bakuli la chini kabla hujalegeza kibanio. Nati za kujikaza weka mpya. Bolti zinazopita kwenye bushi za raba ziingize tu, kisha ukaze kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza mguu unaning'inia, raba inabaki imejisokota na itachanika mapema. Badilisha pande zote mbili, kisha peleka alaimenti (kurekebisha mwelekeo wa magurudumu).

Mleta uzi
Nimeshawishika na seti iliyofungwa. Swali moja: gari la ndugu yangu halina koili mbele, kuna fito ndefu za chuma zinazokwenda nyuma chini ya chesisi. Utaratibu ni huu huu?

Fundi Mstaafu
Hizo ni toshenibaa. Nguvu imo kwenye msokoto wa fito, na inatolewa kwa bolti ya kurekebishia iliyo upande wa nyuma, baada ya kupima imeingia kiasi gani. Anzisha uzi mwingine hapa jukwaani kuhusu hizo, nitakuja huko.