Majabali ya Kizimkazi, Dimbani hadi Mkunguni, peke yangu kwa picha za machweo: nipange vipi na maji?

Lulu wa Temeke

Habari zenu jamani. Mimi ni mpiga picha, niko Dar, na kinachonilipia kodi ni harusi na sendoff. Ninachokipenda ni mwambao wa mawe. Nimeshapiga sana miamba ya Coco, sasa nataka Unguja kusini: nishuke pwani Dimbani, nipite chini ya majabali, nitokee Mkunguni, na jua linizamie nikiwa njiani. Nataka kwenda peke yangu. Nikiwa na mtu, ama mimi namchelewesha ama yeye ananiharakisha, na picha za mawe zinataka subira.

Nimeambiwa siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mchanga, maji yanatoka mpaka mbali, kwa hiyo nimepanga mwezi mpevu ujao. Nitabeba kamera moja, lenzi mbili na tripodi. Miguuni raba za mazoezi. Waliowahi kupita, naomba ushauri.

Mtoto wa Ngalawa

Dada, bamvua maji makavu ni saa nne, saa tano asubuhi. Hiyo jioni unayoitaka ndiyo maji yamejaa mpaka ukutani. Siku hiyo hupiti.

Picha Ng'ambo

Dada Lulu, sikiliza huyo kijana hapo juu. Mie nilifanya hivyohivyo unavyotaka kufanya, njia hiyohiyo, na nikueleze yote maana sitaki likukute.

Ilikuwa mwezi wa nane, kusi linavuma, mwezi mpevu. Nilisali Adhuhuri katika msikiti wa kale wa Dimbani, ule wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria (1107), nikatoka saa saba na begi mgongoni. Nilitazama bahari nikaona mchanga mtupu, mwani umelala, maji yako kule. Sikumwambia mtu. Nikazunguka pembe ya kwanza ya jabali kwa miguu mikavu, ya pili vilevile, nikaingia kwenye kihori, kighuba kidogo chenye tundu ukutani. Wimbi lilikuwa likiingia tunduni, kisha linarudi nje kama maziwa. Nikasimamisha tripodi, nikapunguza kasi ya shata mpaka nusu sekunde, nikainama.

Niliinama kama dakika arobaini. Kila picha nikisema moja tu, inayofuata itakuwa bora. Nilipogeuka, pembe niliyoizunguka kwa miguu mikavu ilikuwa na maji ya kifua, na kusi linayapiga ukutani.

Hili ndilo ambalo sikulijua. Maji yakianza kujaa, saa ya kwanza huoni kitu, unadhani yamesimama. Saa ya tatu na ya nne ndipo yanapokimbia. Bamvua kubwa huku kwetu tofauti ya maji makavu na maji makuu inakaribia mita 4, na nusu yake inapanda ndani ya saa mbili hizo. Siku ile maji yalikuwa makavu saa nne na nusu. Mie nimeingia saa saba, katikati ya mbio zake.

Utasema ungepanda juu. Majabali yale ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mawe, na bahari imeyala chini. Ukisimama mguuni pake, ukuta umeingia ndani, na juu yako jiwe limetoka nje kama paa la baraza. Huna pa kushika, na ukishika linakata. Nilijaribu mara moja. Kiganja cha kushoto kilichanika, baadaye nikashonwa nyuzi nne.

Kilichoniokoa ni kibao cha jiwe pembeni, ukubwa wa mkeka wa kusalia. Ufani mwake palikuwa na kichaka kidogo cha majani ya nchi kavu. Nikajiambia, kilichoota hapa hakinywi maji ya chumvi kila siku. Nikapanda, nikakumbatia begi. Tripodi ilibaki chini na sikuiona tena.

Ngalawa moja ilipita, wakaniona. Walishindwa kusogea kwa sababu ya mawimbi, lakini walinipigia kelele: "Usishuke! Kaa hapohapo!" Baada ya muda nikasikia sauti juu ya kichwa changu. Mzee mmoja wa Dimbani amekuja kwa juu, kupitia vichakani, na kamba. Hakuthubutu kunivuta, lile paa la jiwe lingenisaga. Akateremsha kamba nikafunga begi, akalipandisha taratibu kama anayetoa ndoo kisimani. Kisha akakaa. Dada, yule mzee simjui, hanijui, akakaa juu pale kuanzia alasiri mpaka karibu Isha, ananisemesha nisipate usingizi wala woga. Akaniuliza nimezaliwa wapi, mama yangu nani. Jua lilizama mbele yangu, zuri kupita picha zote nilizowahi kupiga, na mikono yangu mitupu.

Maji yaliyapanda mawe mpaka hatua moja chini ya miguu yangu, yakasita, yakaanza kurudi. Saa moja na nusu usiku mzee akasema shuka sasa. Na hapa kuna jambo jingine la mwezi mpevu: unatoka mashariki, na ukuta ule unatazama magharibi. Juu mzee anaona kila kitu, chini mie niko kwenye kivuli cheusi. Nimerudi kwa tochi ya simu, natambaa.

Siku zile hesabu ya maji nilifundishwa na huyo mzee, nami nakupa. Maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku. Bamvua jioni yamejaa. Hesabu mwezi mwandamo: ukifika siku ya 9, 10 au 11, maji mafu (maji madogo, kinyume cha bamvua) yanapita na maji makavu yanaangukia alasiri mpaka magharibi. Vilevile siku ya 24 na 25. Hayatoki mbali kama bamvua, lakini hayapandi sana pia, na hayana mbio. Ingia yakiwa bado yanatoka, saa moja unusu kabla hayajasimama. Siku yenyewe, muulize mvuvi wa palepale, maana upepo nao unasukuma maji. Na kusi likichachamaa, acha kabisa. Subiri tanga mbili, majira ya utulivu kati ya kusi na kaskazi.

Bint Mkunguni

Ahsante kaka kwa kulieleza. Mimi nimekulia kwenye mawe hayo, na bibi yangu na mchokoo wake wa pweza. Naongeza ya miguu.

Raba za mazoezi soli laini, jiwe litaitoboa. Vaa yeboyebo ngumu au viatu vya soli nene ambavyo huvionei uchungu. Jiwe la kijivu kavu linashika mguu, tatizo lake ni makali. La kijani linateleza kama sabuni, usilikanyage hata kama linaonekana njia fupi. Penye chaza weka unyayo mzima, usiburute, maana midomo yao ni wembe. Na mkono usiutie kwenye tundu usiloliona ndani, mkunga, yule samaki kama nyoka, anakaa humo na akiuma haachii upesi. Glavu za kubebea matofali zinatosha, kata ncha ya kidole cha shata.

Begi liwe mgongoni, tripodi ifungwe humohumo. Bibi alikuwa akitukataza kushika kitu mikono miwili kwenye mawe. Mkono mmoja wa jiwe, siku zote.

Kijijini pita na kanga juu ya suruali yako, watu watakupokea vizuri. Umwone sheha au wazee pale ngalawa zinapofungwa, useme unaenda wapi na utatokea saa ngapi. Hakuna atakayekuzuia. Watajua tu.

Fundi Lenzi

Kwa upande wa kamera: badilisha lenzi ukiwa juu kabla ya kushuka, usibadilishe chini penye rasharasha. Ikimwagikiwa maji ya chumvi, usiiwashe "kujaribu". Toa betri na kadi hapohapo, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi, uilete kwa fundi mapema. Nyingi ninazoletewa zimekufa kwa kuwashwa, siyo kwa maji. Miguu ya tripodi ioshe kwa maji ya bomba usiku uleule, ukiwa umeivuta yote.

Lulu wa Temeke

Kaka, nimesoma ya kwako mara tatu. Tiketi ya boti nimebadilisha. Nimehesabu mwezi mwandamo na rafiki yangu wa Kariakoo, nitakuja siku ya 10, nishuke saa kumi jioni kama wavuvi watasema sawa. Na nitaanzia Dimbani nirudi Dimbani, Mkunguni nitakwenda siku nyingine. Naomba kuuliza, yule mzee bado yupo? Ningependa kumsalimia.

Picha Ng'ambo

Yupo, macho ndiyo yamepungua. Mchukulie majani ya chai na sukari. Na ukiweza, piga picha ya ule ukuta kutokea chini, uichapishe kubwa, umpelekee. Amekaa juu yake miaka yote hiyo, alinambia hajawahi kuuona jua linapoupiga.