Tupeane uzoefu: dawa za kolestro na hofu ya kansa

BintiWaBuru
Habari zenu. Naomba tulizungumze hili kwa utulivu, maana naamini haliko nyumbani kwetu pekee. Mama yangu yuko Buruburu, ana sukari na presha, na daktari alimwanzishia atorvastatin ya miligramu 20 kwa sababu kolestro mbaya ilikuwa juu. Juzi nikipanga kabati la jikoni nilikuta vidonge vimesukumwa nyuma ya kopo la majani chai, havijaguswa. Kumuuliza, akanisikilizisha sauti iliyotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha chama chao. Mtu asiyejitaja jina anasema dawa za kolestro zinapanda kansa mwilini na madaktari wanalijua hilo. Mama ndiye aliyemuuguza dada yake mpaka akafa kwa saratani ya koo. Neno hilo kwake ni zito, na simlaumu hata kidogo.

Wale mnaotumia, au mnaouguza wanaotumia: mliambiwa nini, na mkafanya nini? Tafadhali leteni yaliyowapata nyinyi wenyewe, si jumbe za kusambazwa.

DerevaMstaafu
Mwanangu, mimi nina vyote viwili. Nilipata mshtuko wa moyo nikiwa bado naendesha basi la Kisumu, nikaanzishiwa simvastatin, kidonge kimoja kila usiku. Miaka mingi baadaye mkojo ukaanza kunisumbua, nikapimwa, ikaonekana tezi dume ina saratani. Mke wangu ndiye aliyemuuliza daktari wa saratani: je, ni zile dawa za moyo? Daktari hakumkatiza. Alimweleza kwamba saratani ya tezi dume huwashika wanaume wengi wakizeeka, wanaomeza dawa za kolestro na wasiomeza, na kwamba umri huo huo ndio mishipa ya moyo huziba. Kisha akapitia dawa zangu moja moja na kusema simvastatin iendelee, kwani moyo haukupona kwa sababu nimepata ugonjwa mwingine. Nimepigwa mionzi, nafuatiliwa kliniki. Cha usiku sijaacha.

Achieng_SouthB
Mzee, Mungu akuzidishie nguvu. Ni hapo kwenye umri ambapo wengi hatufikirii.

Kemisti_Githurai
Mimi ni mfamasia, na swali hili naulizwa dirishani mara kwa mara. Nitaandika kirefu kidogo kwa sababu hofu hii ina asili yake, haikuzuka hewani.

Dawa za kolestro kama atorvastatin na simvastatin huitwa statini. Ya kwanza iligunduliwa na Mjapani Akira Endo miaka ya 1970, kutoka kwenye ukungu. Mwaka 1980 majaribio ya dawa hiyo yalisimamishwa kwa sababu ya taarifa za uvimbe kwa mbwa waliopewa dozi kubwa mno kuliko ya binadamu. Kampuni nyingine iliyokuwa na dawa ya aina hiyo, lovastatin, nayo ikasimama, ikachunguza upya, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1987. Kwa hiyo swali la kansa liliulizwa kabla mgonjwa yeyote hajauziwa dawa hizi dukani.

Likaulizwa tena. Mwaka 2008 yalitoka matokeo ya jaribio la SEAS, la wagonjwa 1,873 wenye tatizo la vali ya moyo. Waliopewa simvastatin pamoja na ezetimibe, dawa nyingine ya kushusha kolestro, walipata saratani 105, waliopewa kidonge kitupu 70. Hizo ni namba za kutisha, na magazeti yalizishika. Lakini dawa hizo hizo mbili zilikuwa zinajaribiwa kwingine kwa watu wengi zaidi. Jaribio la IMPROVE-IT lilikuwa na wagonjwa 18,144, na lilipoisha saratani haikuzidi upande wa waliopewa ezetimibe. Tofauti ile ya kwanza ilikuwa ya bahati, jambo linalotokea ukiwa na watu wachache.

Mwaka 2012 watafiti wa Oxford na wenzao wakakusanya taarifa za mtu mmoja mmoja kutoka majaribio 27, watu wapatao 175,000. Statini hazikuongeza saratani wala hazikuipunguza, kwa aina yoyote waliyoiangalia. Kwa anayesema miaka mitano hivi ya majaribio hayo haitoshi: kuna wanaume 6,595 wa Uskoti waliojaribiwa pravastatin, nayo ni statini, wakafuatiliwa miaka 20. Saratani haikuzidi.

Kitu kingine kinachochanganya watu: mwaka 2018 nchi nyingi ziliondoa sokoni baadhi ya vidonge vya valsartan kwa sababu viliingiwa na kemikali inayoshukiwa kuleta kansa. Valsartan ni ya presha, na shida ilikuwa uchafu uliopatikana kiwandani, si dawa yenyewe. Mteja akisikia "vidonge vya moyo vina kansa" anafikiria vyote alivyo navyo kwenye mfuko.

Ninachojali zaidi ni kwamba wanaoacha hawasemi. Wanapotea tu. Nikiwaona tena, wananunua dawa za presha peke yake.

Wambo_K
Hapo umemsema baba yangu. Aliacha kimya kimya, akawa anakunywa kitunguu saumu na ndimu iliyochemshwa, aliyouziwa mtaani kwamba inasafisha mishipa. Asubuhi moja alikuwa anafunga kamba za viatu aende kanisani. Mkono wa kulia ukawa haushiki kamba. Anajaribu, unateleza, na anatutazama bila kusema kitu. Kumbe kinywa nacho kimeenda upande. Kiharusi. Sasa anatembea kwa fimbo, na maneno yanamchelewa.

Sisemi ni vidonge peke yake, presha yake pia ilikuwa juu. Daktari naye hakusema hivyo. Kinachoniuma ni kwamba tulikuwa tunaishi nyumba moja na hatukujua kuwa anaogopa. Baba zetu hawasemi "naogopa".

Otis_Umoja
Mimi sikuogopa kansa, mimi niliumwa misuli. Mapaja yalikuwa mazito kama nimebeba mchanga, kupanda ngazi za gorofa yetu ikawa kazi. Sikuacha dawa, nilirudi kliniki. Wakanipima damu kuangalia misuli na ini, wakanibadilishia aina na kupunguza dozi. Sasa niko sawa. Naandika hili kwa sababu ukisema dawa haina shida yoyote, siku mtu akiumwa atadhani ulimdanganya, na ataamini na lile la kansa.

Kemisti_Githurai
Kweli kabisa, Otis. Maumivu ya misuli yapo, na statini zinaweza kuinua sukari kidogo. Mjamzito kwa kawaida haanzishiwi, na aliyepata mimba akiwa anazitumia amwone daktari mapema.

Mpambanaji_Kawangware
Niliondolewa titi, nikapigwa kemo, sasa natumia letrozole, kidonge cha kuzuia saratani ya titi isirudi. Katika vipimo vya kawaida kolestro ikaonekana imepanda. Daktari wa saratani alinieleza kwamba dawa za aina ya letrozole zinaweza kuipandisha, na ni yeye mwenyewe aliyeniandikia statini. Ndugu zangu, huyo ni mtu ambaye kazi yake yote ni kupigana na kansa. Nilipoisikia ile sauti ya WhatsApp (imefika huku pia) nilimkumbuka, nikaifuta.

Kijana_wa_Kayole
Swali. Shangazi kolestro yake ilikuwa juu, ikashuka sana akiwa anatumia dawa, halafu baada ya miezi kadhaa akagunduliwa ana kansa ya ini. Watu nyumbani wanasema kolestro ikishuka sana kansa inapata njia. Kuna ukweli?

Kemisti_Githurai
Pole sana, kijana. Wanasayansi waliliona hilo zamani: watu wenye kolestro ya chini walionekana kufa zaidi kwa saratani. Walipochimba, wakakuta mara nyingi saratani ndiyo ilitangulia. Uvimbe unaweza kuwa mwilini muda mrefu kabla haujagunduliwa, mtu anapungua hamu ya kula, anakonda, na kolestro inashuka. Isitoshe ini ndilo linalotengeneza sehemu kubwa ya kolestro, kwa hiyo likiugua, namba inaweza kuanguka. Ndiyo maana mtu anayekonda bila sababu achunguzwe, hata kama majibu yake ya kolestro yanapendeza.

BintiWaBuru
Asanteni sana, nyote. Mama amekubali twende kliniki, na amesema atauliza yeye mwenyewe, mimi ninyamaze. Nimeridhika na hilo.

Njeri_Pangani
Kabla hatujaachana: mume wangu anatumia simvastatin na juzi kifua kilimbana, akapewa antibayotiki ya klarithromaisini kwenye kemisti ya jirani bila kuulizwa kitu. Ziko sawa pamoja?

Kemisti_Githurai
Hapana, Njeri, hizo mbili hazimezwi pamoja. Klarithromaisini inazuia ini kuivunja simvastatin, dawa inajaa kwenye damu na inaweza kuharibu misuli, hata figo. Asimeze simvastatin ya leo usiku. Mpigie daktari wake sasa umweleze: ama atasimamisha simvastatin mpaka antibayotiki iishe, ama atabadilisha antibayotiki. Akianza kuumwa misuli au mkojo ukiwa mweusi, mpeleke hospitali usiku huu huu. Balungi nalo asinywe juisi yake akiwa kwenye simvastatin. Na akienda kemisti yoyote, abebe pakiti za dawa zote anazotumia aziweke kwenye kaunta kabla hajauziwa kitu.