Kuongeza kibofu kwa utumbo kwa mtoto mwenye shanti tumboni

Shangazi_Kisauni: Assalaam alaykum. Mtoto ana miaka 8. Alizaliwa na mgongo wazi, ukashonwa. Maji ya kichwani yakawekewa shanti, mrija unaoyamwaga tumboni. Atolewa mkojo kwa katheta (kijimrija cha kupitisha mkojo) mara 4 kwa siku, na bado nguo zalowa. Sasa twaambiwa kibofu kipasuliwe, kiongezwe kipande cha utumbo. Mkojo hautaifikia shanti? Na kama chanzo ni kichwa, mbona kisitengenezwe hicho kichwa?

Muuguzi_Tudor: Waalaykum salaam, shangazi. Nianze na la pili. Kwa mtoto wa mgongo wazi, kibofu huharibiwa na neva za sehemu ya chini ya uti wa mgongo, si maji ya kichwani. Wanaopata nafuu ya mkojo kwa shanti ni baadhi ya wazee wenye ugonjwa wa maji ya kichwani walioueleza madaktari Hakim na Adams mwaka 1965: kukokota miguu, kusahau, na mkojo usiongoja. Hao hujaribiwa kwanza kwa kutolewa mililita 30 hadi 50 za maji ya mgongoni, kisha mwendo ukapimwa upya. Hata hapo miguu hutangulia kupata nafuu. Kibofu hufuata nyuma, au kisifuate.

Ila kama kuvuja kumezidi ghafla au miguu imelegea, shanti ipimwe na mgongo upigwe MRI, picha ya mashine ya sumaku. Uti wa mgongo ulionaswa kwenye kovu huvuruga kibofu kilichokuwa kimetulia, na kuongeza utumbo juu yake ni kupaka chokaa ukuta unaotitia.

Bin_Makadara: Mara 4 ni chache. Mchana iwe kila saa 3 hadi 4, usiku katheta iachwe ikimwaga kwenye mfuko. Uliza presha ya kibofu: ikipita sentimita 40 za maji, figo zimo hatarini hata nguo zikiwa kavu. Ujazo wa kibofu, kwa mililita, hukadiriwa hivi: umri jumlisha 1, mara 30. Wa miaka 8 ni mililita 270.

Oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, amepewa? Kawaida ni hadi miligramu 0.2 kwa kilo kila dozi, mara 2 au 3 kwa siku, daktari ndiye apange. Yakausha mdomo na kupunguza jasho, na kwa joto la kaskazi hilo la jasho si dogo. Yafunga choo pia. Choo kigumu hubana kibofu na chaweza kuzuia shanti kumwaga. Kuna na sindano ya botoksi, dawa ya kulegeza misuli, kwenye ukuta wa kibofu, hutuliza kwa miezi kadhaa. Kisu kije haya yakishindwa.

Fundi_wa_Thieta: Shanti haizuii operesheni. Mkojo uoteshwe maabara siku chache kabla, vijidudu vikionekana vitibiwe kwanza. Antibayotiki ya mshipani itangulie kisu. Hutumika sentimita 20 hadi 30 za utumbo mwembamba, zikiachwa 15 hadi 20 za mwisho zinazofyonza vitamini B12. Ncha ya shanti huwekwa mbali na mkojo. Glavu na katheta zisiwe za lateksi (mpira wa utomvu wa mti) kabisa, watoto hawa hupata mzio mkali.

Kazi kubwa iko nyumbani. Utumbo hauachi kutoa ute, nao huziba katheta na kuzaa mawe. Kibofu huoshwa kila siku kwa chumvi gramu 9 ndani ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa. (Maji ya kisima, hata yawe ya chumvi, hayafai.) Akicheleweshwa kutolewa mkojo, kibofu chaweza kutoboka, naye huenda asihisi maumivu sawasawa. Tumbo kujaa, kutapika, homa: hospitali usiku uo huo. Mkojo ukishamwagika tumboni, mrija wa shanti hutolewa nje kwa muda, vijidudu visipande ubongoni.

Shangazi_Kisauni: Oksibutinini hajapewa, wala presha haikupimwa.

Bin_Makadara: Basi kliniki nendeni na daftari la siku 3: saa, mililita, alikuwa mkavu au amelowa.