Naomba ushauri: chini ya barakoa ya Doom kuna nani?
Wakuu, kijiweni kwetu Majengo, Moshi, ubishi hauishi. Filamu ya Marvel, Avengers: Doomsday, imepangwa kutoka Desemba 18, 2026, Robert Downey Jr. akiwa mhalifu Doctor Doom. Kambi moja inashikilia kuwa ni Tony Stark (Iron Man, ambaye Downey huyo huyo alimwigiza zamani) wa ulimwengu mwingine. Sishawishiki: kwenye tamasha la Comic-Con, San Diego, Julai 2024, alitambulishwa kama Victor von Doom.

Tatizo ni kile kipande kinachotokea katikati ya majina ya mwisho kwenye filamu ya The Fantastic Four: First Steps. Doom yuko mbele ya Franklin, mtoto wa mashujaa hao, barakoa mkononi, uso umefichwa. Kila mtu anajijazia. Trela nazo msiniletee, maana ya Spider-Man: No Way Home ilifuta Spider-Man wawili kwenye picha.

Sasa, wataalamu, ushahidi gani mwingine unasimama? Na kwenye vibonzo, nianzie toleo gani?