Naomba ushauri: mtoto mwenye usonji anaogopa mashine ya kunyolea

Ndugu wazazi wenzangu, habari zenu. Mtoto wetu wa kiume ana miaka 7, ana usonji, na maneno anayotamka bado ni machache. Mambo mengi ya nyumbani tumeshayazoea, isipokuwa kunyoa: akisikia tu mlio wa mashine huziba masikio, hulia na kujipiga kichwani, ilhali shule yake inataka nywele fupi wakati wote.

Tumejaribu kwenda kwa kinyozi asubuhi kabla wateja hawajafika, na baba yake hunyolewa mbele yake ili aone kwamba hakuna maumivu, lakini wapi. Mkasi anauvumilia kidogo akiwa anatazama katuni, ila kichwa hubaki na mabaka. Bibi yake anashauri ashikwe kwa nguvu, jambo ambalo mimi, pamoja na heshima yote niliyo nayo kwake, silikubali.

Naomba kujua, waliopitia hali hii walimzoeshaje mtoto mashine hatua kwa hatua? Na je, aliyewahi kuiomba shule imruhusu mtoto abaki na nywele ndefu kidogo alitakiwa kupeleka barua ya daktari?